Mafunzo ya Wauguzi na Maradhi ya Kuambukiza: Yatupasayo Sisi Watu wa Garbatulla

Hotuba iliyotolewa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Garbatulla



Halmashauri ya Chama imenitaka niseme mbele yenu habari za mafunzo ya wauguzi, na hasa wale wawahudumiao wagonjwa wa maradhi ya kuambukiza. Nimekubali kwa moyo mkunjufu, maana jambo hili halikuletwa hapa kuwa mazungumzo ya kupitishia wakati. Katika shughuli za leo liko swali la fedha za Chama: je, akiba yetu tuitumie kujenga chumba kingine cha wagonjwa, au tuitumie kuwasomesha vijana wetu kazi ya uuguzi? Wako wazee wenye busara upande huu, na wako wazee wenye busara upande ule. Mimi sikuja kumshinda mtu kwa maneno. Nimekuja kuyaweka mambo wazi, ili kila mwanachama anyanyuapo mkono wake ajue anachokichagua.

NANI ATUTIBUYE?

Kwanza na tuulizane swali jepesi. Mtu wa Garbatulla akishikwa na homa usiku, huonana na nani? Na mtu wa Gafarsa, au wa Iresaboru, au wa Sericho, yeye je? Mara nyingi si daktari. Madaktari wengi wa nchi hii wako katika miji mikubwa, na mji wa Isiolo wenyewe uko zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa. Afunguaye mlango wa zahanati ni muuguzi. Yeye ndiye asikilizaye maneno ya mgonjwa, ndiye ampimaye, ndiye akataye shauri kuwa huu ni ugonjwa fulani, ndiye atoaye dawa, ndiye azalishaye, ndiye achanjaye watoto, tena ndiye aandikaye barua ya kumpeleka mgonjwa hospitali. Katika vitabu kazi hizi zimegawanywa kwa watu wengi. Huku kwetu zimewekwa juu ya mabega ya mtu mmoja.

Katika nchi ya Marekani wako wauguzi waliosomea zaidi ili waruhusiwe kupima na kutibu wenyewe. Mafunzo yao yalianza mwaka 1965 katika Chuo Kikuu cha Colorado, na sababu yake ilikuwa ni ile ile tuijuayo sisi: watoto wa mashamba ya mbali hawakuwa na daktari wa kuwaangalia. Hapa Kenya tuna matabibu, ambao tangu zamani za ukoloni wamekuwa wakifanya kazi nyingi za daktari katika wilaya, na tuna wauguzi waliosajiliwa na Baraza la Wauguzi. Mwaka 1927 ndipo ilipoanzishwa Nairobi shule ya mafunzo ya uganga ambayo leo ni chuo cha KMTC, chenye matawi katika kaunti nyingi, na moja la matawi hayo liko Isiolo. Na mwaka 2017 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kugawana kazi, ili zile ambazo zamani zilikuwa za daktari peke yake zifanywe pia na matabibu na wauguzi waliofundishwa. Kuwaanzishia wagonjwa wa Ukimwi dawa zao ni mfano mmoja: kazi hii leo hufanywa na wauguzi katika vituo vingi, na wagonjwa wanaishi.

Kwa hiyo, wazee wangu, hatuulizi kama muuguzi atatutibu au hatatutibu. Anatutibu sasa hivi. Swali ni kama amefundishwa kwa kazi hiyo, au ameachiwa mzigo pasipo kuonyeshwa namna ya kuubeba.

HOMA SI JINA LA UGONJWA

Sisi tumezoea kusema, “Fulani ana homa,” na mambo yakaishia hapo. Lakini homa ni kama moshi: yaonyesha kuwa uko moto, haisemi ni kitu gani kinachoungua. Muuguzi wa nchi za mvua nyingi akiona homa hufikiri malaria, na mara nyingi hakosei. Muuguzi wa nchi yetu ya Waso akifikiri malaria peke yake, atawapoteza watu. Hebu tuzihesabu homa zetu.

Iko bruselosi, itokayo katika maziwa mabichi na katika kondo la nyuma la wanyama. Mtu hutokwa na jasho usiku, viungo humuuma, nguvu humwishia, homa huja na kuondoka kwa wiki nyingi. Mgonjwa wa namna hii huweza kupewa dawa ya malaria mara tatu na asipone, mpaka yeye mwenyewe akate tamaa. Na hata akipata dawa iliyo sawa, sharti anywe aina mbili pamoja kwa muda wa wiki sita. Akiacha katikati kwa kuwa amejiona mzima, ugonjwa hurudi.

Iko kala-azar, iletwayo na usubi. Usubi huyu wa nchi kavu hupenda kukaa katika vichuguu, na watoto wetu hucheza na kuchunga karibu na vichuguu hivyo. Homa huendelea kwa majuma, mtoto hukonda, wengu huvimba mpaka tumbo lajaa upande wa kushoto. Asipotibiwa, karibu kila mgonjwa hufa. Akitibiwa mapema, wengi hupona. Zamani matibabu yalikuwa sindano za siku 30. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwa nchi zetu za Afrika ya Mashariki dawa mbili pamoja kwa siku 17. Na kipimo cha kwanza hakihitaji mashine kubwa, ni tone la damu ya kidole juu ya kijiti. Lakini kijiti hakijipimi chenyewe. Sharti awepo mtu ambaye amegusa tumbo la mtoto, akaufahamu wengu, akasema, “Huyu apimwe kala-azar.”

Tena iko homa ya Bonde la Ufa, na hii nataka tuizungumze kwa urefu, maana ilitufikia mlangoni.

MVUA YA MWAKA 2020

Ugonjwa huu ulielezwa na mabingwa mara ya kwanza mwaka 1931, baada ya kondoo kufa karibu na Ziwa Naivasha. Mayai ya mbu wake hukaa ardhini miaka mingi katika mabonde makavu, yakingoja. Mvua kubwa inyeshapo na maji yakatuama, mbu huzaliwa kwa wingi, huwauma mifugo, na mifugo hutupa mimba. Mtu huupata kwa kuumwa na mbu, lakini zaidi kwa damu: kuchinja mnyama mgonjwa, kumchuna, kumsaidia kondoo azaaye, kushika mimba iliyotupwa. Baada ya mvua za mwisho wa mwaka 2006 zaidi ya watu 150 walikufa katika Kenya, wengi wao kaskazini mashariki ya nchi. Na mwezi wa Novemba 2020 ulizuka katika kaunti yetu hii ya Isiolo. Sehemu za Sericho, Gafarsa na Iresaboru zikatajwa katika taarifa za ulimwengu. Mwanzoni mwa Februari 2021 Shirika la Afya Duniani lilihesabu katika Kenya watu 32 waliougua na 11 waliokufa. Waliopatikana zaidi ni wachungaji.

Wazee wangu, yaangalieni mambo mawili katika habari hii. La kwanza: wagonjwa wengi wa homa ya Bonde la Ufa hupata homa nyepesi, wakapona. Wachache ndio hutokwa na damu, au hupotewa na akili, au hupofuka macho. Basi muuguzi aonaye mgonjwa wa kwanza haoni jambo la kutisha. Aona mchungaji mwenye homa na maumivu ya kichwa, sawa na wengine kumi waliokuja wiki ile. Ni nini kitakachomfanya ashtuke? Ni swali moja tu: “Je, mifugo yako ina hali gani?” Muuguzi aliyefundishwa kuuliza swali hili huutambua ugonjwa wiki kadhaa mapema. Asiyefundishwa huandika malaria, na mgonjwa hurudi manyattani akaendelea kuchinja.

La pili: ninyi wazee huujua ugonjwa huu kabla ya hospitali kuujua. Kondoo watupapo mimba kwa wingi katika malisho, habari huwafikia wazee wa dedha kabla ya kumfikia afisa yeyote. Lakini ni nani ampelekeaye muuguzi habari hiyo? Na yeye ampelekee nani? Mafunzo yafaayo kwa nchi yetu ni yale yamfundishayo muuguzi kumsikiliza mzee wa malisho na afisa wa mifugo kama amsikilizavyo bwana wa maabara. Mtu aliyesomea katika mji ambako nyama huja imefungwa kwa karatasi hawezi kulijua hili pasipo kufundishwa.

FUNZO LA WAJIR

Sasa nitawapa mfano wa jirani zetu, kwa kuwa ulimwengu mzima umejifunza kwao.

Kifua kikuu ni adui wa zamani wa wafugaji. Shida yake si kukosekana kwa dawa. Shida ni muda. Zamani matibabu yalichukua mwaka mzima na zaidi, nao watu wafuatao malisho hawawezi kukaa mahali pamoja mwaka mzima. Mgonjwa alipewa vidonge, akaondoka na ngamia wake, vidonge vikamwishia njiani. Ugonjwa ulirudi ukiwa na nguvu zaidi, naye akawaambukiza watoto wake hemani.

Mwaka 1970 alifika Wajir mama mmoja wa Kiitalia, jina lake Annalena Tonelli. Hakuwa daktari wala muuguzi. Alikuwa amesomea sheria, akaja kuwa mwalimu wa shule. Alipoona wagonjwa wa kifua wanavyotupwa, alijifunza kazi ya kuwatunza. Mwaka 1976 ilianza Wajir ile iliyokuja kuitwa manyatta ya kifua kikuu: wagonjwa waliwekwa pamoja karibu na mji, katika vibanda vya namna waliyoizoea, kwa muda wa miezi sita, na kila siku kila mgonjwa alimeza dawa zake mbele ya mtu amwangaliaye. Hizo zilikuwa dawa za muda mfupi ambazo majaribio yake yalifanywa hapa Afrika ya Mashariki. Watu walipona. Mpango huo ukafuatwa katika wilaya nyingine za kaskazini, na katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likaieneza njia ya kumeza dawa mbele ya mwangalizi katika nchi nyingi za ulimwengu. Mama huyo aliondoka Kenya katika miaka ya 1980, akaendelea na kazi ile ile kwa Wasomali. Mwaka 2003 alipewa nishani ya Nansen ya Umoja wa Mataifa, na mwezi wa Oktoba mwaka huo huo akauawa kwa risasi katika mji wa Borama.

Nimeyataja haya kwa sababu moja. Kilichoshinda kifua kikuu katika Wajir hakikuwa jengo. Vilikuwa vibanda. Kilichoshinda ni mtu aliyekaa na wagonjwa, akazijua desturi zao, akaiandaa tiba iwafuate wao badala ya kuwataka wao waifuate tiba, wala asikose siku hata moja kuwaangalia wakimeza vidonge. Hiyo ndiyo kazi ya muuguzi. Hicho ndicho kitu kinachofundishika.

MUUGUZI NAYE NI MTU

Nimesema habari za kumponya mgonjwa. Yanipasa pia niseme habari za kumlinda muuguzi, maana maradhi ya kuambukiza hayachagui.

Mwaka 2000 ugonjwa wa Ebola ulizuka Gulu, kaskazini ya Uganda. Katika hospitali ya Lacor wanafunzi wa uuguzi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufa, na vifo vyao ndivyo vilivyomfahamisha mkuu wao, Daktari Matthew Lukwiya, kwamba hili si jambo la kawaida. Aliwapanga watu wake, akawafundisha kuvaa nguo za kinga, akatenga wodi ya wagonjwa hao, akawauguza pamoja nao. Yeye mwenyewe akafa tarehe 5 Desemba 2000, na wauguzi kadhaa wa hospitali ile wakafa pia. Watu 224 walipoteza maisha katika mlipuko ule, lakini ugonjwa ulizuiwa usienee nchi nzima. Na miaka 24 kabla ya hapo, mwaka 1976, katika hospitali ya misioni ya Yambuku nchini Kongo, ugonjwa huo huo ulienezwa na sindano chache zilizotumiwa kwa mgonjwa huyu na yule pasipo kuchemshwa sawasawa. Sindano ya kuponya iligeuka kuwa sindano ya kuua. Watumishi wa pale walikuwa na huruma tele. Walikosa mafunzo na vifaa.

Na sisi wenyewe tuliyaona mwaka 2020, tangu mgonjwa wa kwanza wa Korona alipotangazwa Kenya tarehe 13 Machi. Wauguzi waliogopa, na walikuwa na haki ya kuogopa. Mtu asiyejua namna ya kujikinga hufanya moja katika mawili: hukimbia, au hujitoa mhanga bure. Aliyefundishwa hafanyi hili wala lile.

Mambo ya kufundishwa hapa si mengi, lakini yataka mazoezi mpaka mkono uyazoee. Kunawa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kumgusa. Kuihesabu damu ya kila mtu kuwa ya hatari, awe maskini au tajiri, awe mgeni au ndugu. Kutoirudishia sindano kifuniko chake, bali kuitupa papo hapo katika sanduku lake. Kuvaa glavu na kuzivua kwa utaratibu, maana wengi hujichafua wakati wa kuvua kuliko wakati wa kuvaa. Kumketisha mgonjwa wa kikohozi penye hewa, dirisha likiwa wazi, mbali na mama wenye watoto wachanga. Kuchanjwa homa ya ini mara tatu kabla ya kuanza kazi. Na akichomwa na sindano yenye damu, kutonyamaza kwa haya, bali kusema mara moja, ili apate dawa za kinga kabla ya saa 72 kupita.

DESTURI NA DINI

Wako watakaouliza: je, kazi hii yawafaa binti zetu? Twajibu kwa historia ya dini yetu. Katika mji wa Madina, zama za Mtume, alikuwako Bibi Rufaida wa kabila la Aslam, aliyekuwa na hema lake karibu na msikiti. Humo aliwatibu majeruhi wa vita, na Saad bin Muadhi alipojeruhiwa katika vita vya Handaki alipelekwa huko. Basi mwanamke muuguzi hakuletwa kwetu na Wazungu. Tena ni nani atakayemzalisha mama wa Kiborana kwa staha, na kumwuliza mambo ambayo hawezi kumwambia mwanamume, kama si binti yetu mwenyewe?

Na kuhusu tauni, sote tumesikia kwa masheikh wetu mafundisho ya Mtume kwamba nchi iliyoingiwa na tauni isiingiwe, na aliye ndani yake asitoke kuikimbia. Wasomi wa leo huita jambo hili karantini. Muuguzi ajuaye mafundisho haya atasikilizwa manyattani kuliko yule ajaye na amri peke yake. Vivyo hivyo katika kuosha maiti. Mtu afapo kwa kipindupindu, wamwoshao kisha wakala pamoja mazishini huweza kuupeleka ugonjwa nyumba kumi. Muuguzi hana haki ya kuivunja heshima ya maiti, wala hana haki ya kunyamaza. Sharti ajue kuketi na imamu, wakapatana namna ya kumstiri marehemu kwa glavu na dawa, na watu wachache, na maji ya kunawa kwa kila mtu. Hili nalo ni somo, na mwalimu wake bora hayuko Nairobi. Yuko hapa kati yenu.

Kwa kuwa nimekitaja kipindupindu, niseme jambo moja la nyumbani. Mgonjwa huyu huuawa na kukauka maji. Pasipo chumvi za pakiti, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi vyaweza kumshikilia mtu mpaka afike zahanati. Kila mama wa Garbatulla na ajue hivyo kabla ya kipindupindu kumjia.

HOJA ZILIZO KINYUME

Nakuja sasa kwa maneno ya wale wasioafiki, na nitayasema kwa haki.

Wasema: jengo hubaki, mtu huondoka. Tukimsomesha kijana atakwenda Nairobi. Akitoka Nairobi atakwenda ng'ambo. Ni kweli. Mwezi wa Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi mapatano ya kuwapeleka wauguzi wetu kufanya kazi huko. Hatuwezi kumfunga mtu kamba mguuni, wala haifai. Lakini tuulizane: ni nani aondokaye upesi zaidi? Mgeni aliyepelekwa huku asiyejua Kiborana, asiye na jamaa, asiye na nyumba, huanza kuomba uhamisho siku ile afikapo. Mtoto wa hapa ana mama yake hapa. Tena sababu nyingi za kuondoka ziko mikononi mwetu: nyumba inayovuja, maji yaliyo mbali, usalama mdogo, na matusi tunayomtolea muuguzi dawa zikikosekana, kana kwamba yeye ndiye azitengenezaye.

Wasema pia: mambo ya afya ni ya Serikali. Naam, na tangu mwaka 2013 ni ya Serikali ya Kaunti. Mishahara, dawa na majengo ni wajibu wake, nasi tusiache kuudai. Na kwa sababu hiyo hiyo mimi nasema tusitumie akiba yetu kwa jengo. Tukijenga chumba, tumefanya kazi ya Serikali, na chumba kitangoja muuguzi. Tukisomesha muuguzi, tumefanya kazi ambayo Serikali haitufanyii, yaani kuchagua mtoto mwenye moyo katika watu wetu wenyewe na kumsimamia mpaka mwisho.

Wasema tena: watoto wetu hawafiki alama. Hapa nawaunga mkono. Anayetaka kusomea uuguzi wa diploma hutakiwa kuwa na wastani wa C katika mtihani wa KCSE, na kuwa na alama nzuri katika biolojia. Wangapi katika binti zetu hufika hapo? Mwingine huolewa akiwa darasani, mwingine huondoka ukame unapoihamisha familia. Basi kusomesha muuguzi hakuanzi katika mlango wa chuo. Kunaanza kidato cha kwanza.

MAPENDEKEZO

Kwa hayo yote, Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano huu uyafikirie mambo matano.

Kwanza, kila mwaka Chama kilipe karo ya vijana wawili wa kusomea uuguzi, na mmoja wao awe binti. Wachaguliwe na wazee pamoja na walimu, kwa bidii na tabia, wala si kwa ukoo. Kila mmoja aweke ahadi mbele ya wazee na wazazi wake kutumikia katika nchi hii miaka mitatu baada ya kusajiliwa. Ahadi iliyotolewa mbele ya wazee ina uzito kuliko karatasi.

Pili, sehemu ya fedha iwekwe kuwasaidia wanafunzi wa shule za upili katika somo la biolojia na sayansi nyinginezo, wasichana kwanza.

Tatu, tuiombe Kaunti ifanye mafunzo ya wiki moja hapa Garbatulla kabla ya mvua za ganna na kabla ya mvua za hagaya. Wakutane wauguzi, matabibu, maafisa wa mifugo, maimamu, wazee wa dedha, na wale wahudumu wa afya ya jamii, ambao Serikali ilizindua kazi yao nchini kote mwezi wa Septemba 2023. Wafundishwe na wafundishane: homa zetu na dalili zake, kipindupindu, na njia ya kupelekeana habari siku ile ile kondoo waanzapo kutupa mimba.

Nne, Chama kiweke sanduku la akiba lenye glavu, barakoa, sabuni na chumvi za maji, lifunguliwe tu ugonjwa unapozuka, huku tukingoja gari la Kaunti lipite katika matope. Njia zetu mnazijua.

Tano, nyumba ya muuguzi itengenezwe. Kama ni lazima tujenge kitu mwaka huu, na tujenge hicho.

Najua akiba yetu si kubwa. Lakini sisi Waborana tuna sheria ya busa gonofa: mtu aliyepotelewa na mifugo yake kwa ukame au kwa maradhi huenda kwa ukoo wake, nao humtolea, huyu mbuzi, yule mtamba, mpaka apate pa kuanzia tena. Hakuna atoaye kwa kuwa amezidiwa na mali. Kila mmoja hutoa kwa kuwa anajua kesho yaweza kuwa zamu yake. Karo ya mwanafunzi mmoja yaweza kukusanywa kwa njia hiyo hiyo, na faida yake yamrudia kila aliyetoa, maana homa haiulizi ng'ombe ni wa nani.

Bwana Mwenyekiti, nimeyasema niliyotumwa kuyasema. Uamuzi ni wa mkutano, na mkutano ukiamua, sote tutaufuata, tuliosema ndiyo na waliosema hapana. Nawashukuru wauguzi na matabibu wa hospitali yetu na wa zahanati zote za upande huu, ambao wametutumikia katika miaka ya ukame na miaka ya mafuriko.  Mwenyezi Mungu atupe afya, mvua ya kheri na amani.